Fahamu: Jinsi ya kupima ubora wa huduma kwa wazee nyumbani

Ubora wa huduma anayopewa mzee nyumbani huonekana kwanza mwilini mwake. Kimilili, kaunti ya Bungoma, wazee wengi hutunzwa na jamaa au msaidizi wa kulipwa, na anayewapigia hodi ni mhudumu wa afya ya jamii. Mnamo Septemba 2023 wahudumu hao walianza kupewa mikoba yenye vifaa vya kupima shinikizo la damu na sukari.

Ngozi husema mengi. Mzee asiyeweza kujigeuza kitandani anafaa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi. Asipogeuzwa, visigino, nyonga na kiuno hupata vidonda. Vidonge navyo huhesabiwa: vikibaki vingi kuliko inavyopaswa, kuna dozi zilizorukwa.

Lakini hakuna kipimo kinachoshinda kauli ya mzee mwenyewe, akiulizwa kwa lugha yake ya Kibukusu, mtunzaji akiwa hayupo. Hapo ndipo hujulikana kama anatukanwa, au kama shilingi 2,000 za kila mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee, zinamfikia. Kifungu cha 57 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kutunzwa na familia yake pamoja na serikali.