Kurahisisha Zoezi la Kitanzi na Orodha: Mfano wa Mwani wa Bwejuu

Mwanagenzi wa uandishi wa programu hukwama katika zoezi la orodha kwa kuwa hutakiwa kushika mambo matatu kwa pamoja: nambari ya nafasi, kitanzi, na hesabu ya kugeuza kila kipengele. Nafasi ndiyo ya kuondolewa kwanza. Katika lugha ya Python, kitanzi huweza kuchukua kipengele chenyewe, kama mkulima wa mwani wa Bwejuu apimavyo gunia baada ya gunia bila kuuliza ni la ngapi.

Ichukuliwe kwamba mavuno ya mwani mbichi kwa siku 5 za bamvua ni kilo 40, 56, 0, 0 na 24, na kwamba kilo 8 mbichi hutoa kilo 1 kavu. Kitanzi hugawa kila uzito kwa 8 na kuandika jibu katika orodha mpya: 5, 7, 0, 0, 3. Orodha ya kwanza haiguswi.

Sharti hili la mwisho si la kupuuzwa. Mwanafunzi akifuta sufuri ndani ya orodha ileile anayoipitia, sufuri ya pili husogea mahali pa ile iliyofutwa, na kitanzi huiruka. Wastani wa siku za mavuno husomeka kilo 30 badala ya 40, na kompyuta haitoi onyo lolote.