Matone ya maua kwa wasio na subira: Yanatibu?

FOLENI za magari na simu zisizokoma zimewafanya wakazi wengi wa mijini kuwa wepesi wa kukasirika. Miongoni mwa vitu vinavyouzwa kuwa tiba ya hali hiyo ni matone ya maua yaliyobuniwa na daktari Mwingereza, Edward Bach, aliyefariki mwaka 1936.

Kwa wasioweza kungoja, Bach alichagua Impatiens, mmea wenye asili ya Himalaya. Vitumba vyake vya mbegu hupasuka vikiguswa tu, na jina lenyewe la Kilatini lina maana ya kukosa subira. Maua huelezwa katika maji juani kwa takriban saa tatu, kisha maji huchanganywa na brandi ili yasiharibike. Mtumiaji hutia matone mawili katika glasi ya maji, akanywa kidogo kidogo.

Hata hivyo, mapitio ya majaribio ya kitabibu yaliyochapishwa mwaka 2010 hayakuona tofauti kati ya matone hayo na dawa bandia aliyopewa mgonjwa akidhani ni dawa halisi. Pengine kule kuketi na kunywa taratibu ndiko kunakotuliza, na hakuuzwi dukani. Wasiotumia pombe wasome kwanza maandishi ya chupa. Na ambaye hasira zake zinavuruga kazi au ndoa amwone daktari.