Je, wajua? Mtu wa neno moja aliyefumbua fumbo la ubongo

Mswahili huwaza moyoni, na katika hilo hayuko peke yake. Wamisri wa kale walipokausha maiti waliuchokoa ubongo kwa kulabu kupitia puani, wakautupa. Moyo waliuacha kifuani, kwa kuwa ndio waliouhesabu makao ya akili. Hata Aristotle, pamoja na usomi wake wote, alishikilia kwamba kazi ya ubongo ni kuupoza moyo.

Aliyewabishia hadharani ni Galen, tabibu wa Kigiriki aliyefanya kazi Roma katika karne ya 2. Alifunga nguruwe mzima mzima mbele ya watu, akamkata mishipa ya fahamu ya koo. Nguruwe aliyekuwa akipiga makelele akanyamaza ghafla, na moyo ukaendelea kudunda. Ukatili, ndiyo, lakini hoja ilieleweka: sauti huamriwa kutoka kichwani.

Lakini kichwani sehemu gani? Swali hilo lilisubiri zaidi ya miaka 1,600.

Katika hospitali ya Bicêtre, kusini mwa Paris, aliishi Louis Victor Leborgne, fundi wa foroma, yale magogo madogo ya kushonea viatu. Alilazwa akiwa na miaka 30, tayari amepoteza usemi. Ukimuuliza lolote, jibu lilikuwa “tan, tan”, hata wenzake wakamwita Tan. Akili haikumtoka: akiulizwa amekaa hapo miaka mingapi, alihesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto, maana upande wa kulia ulikuja kupooza. Na ajabu kuliko yote, wasipomwelewa akapandwa na hasira, tusi zima lilimtoka bila kigugumizi!

Baada ya miaka 21, mnamo Aprili 1861, alifikishwa kwa mpasuaji Paul Broca, mguu wa kulia ukiwa umeoza. Siku chache baadaye akafa. Broca alipofungua fuvu alikuta upande wa kushoto, sehemu ya mbele, shimo linaloweza kubeba yai la kuku. Miezi michache baadaye akafa mzee mwingine, Lelong, aliyebakiwa na maneno matano tu, naye alikutwa na jeraha mahali pale pale. Sehemu hiyo hadi leo inaitwa kwa jina la Broca. Mimi ningeiita ya Leborgne.

Jambo la busara alilofanya Broca ni kutoukatakata ubongo ule. Aliutia katika pombe kali, mzima. Ndiyo maana watafiti waliweza kuupiga picha kwa mashine ya MRI, matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Jeraha lilikuwa limezama ndani kuliko alivyoona Broca kwa juu, likakata hata nyuzi zinazounganisha sehemu ya mbele na ya nyuma. Kwa hiyo usemi haukai kwenye kijisehemu kimoja kama taa kwenye swichi yake. Ubongo wenyewe ungali Paris, ndani ya chupa.