SAUTI ZA MJI UNAOKUA

Kabla hatujaanza somo la leo, nyamazeni kidogo hapo darasani. Kila mtu ahesabu moyoni sauti anazozisikia. Haya. Zikumbukeni, maana tutazirudia mwishoni.

Leo tutautazama mji mdogo wa Tura, ulio mashariki ya Tabora. Zamani za misafara, wapagazi waliotoka pwani walivuka nchi ya Ugogo, kisha pori kubwa lililoitwa Mgunda Mkali, lenye maji machache. Mwisho wa pori ndipo penye Tura, mlango wa Unyamwezi. Richard Burton, Mwingereza aliyepita huko mwaka 1857, aliandika kuwa maana ya jina hilo ni “Tua!”, yaani weka mzigo chini.

Siku hizo watu waliujua msafara kabla ya kuuona. Kirangozi, yaani kiongozi wa njia, alipiga baragumu la pembe. Wapagazi waliimba. Bunduki zililia kuwaarifu wenyeji kwamba wageni wamefika. Je, hizo zilikuwa kelele? La. Zilikuwa habari. Mwenye nafaka ya kuuza alijua kwamba wanunuzi wamekuja.

Halafu ikaja reli. Ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikapita Tura, ikafika Tabora mwaka 1912. Baragumu likanyamaza, na garimoshi la mvuke likaanza kupiga filimbi. Baadaye zikaja injini za dizeli na honi zao. Habari zilikuwa zile zile: wageni wanakuja. Sauti ndiyo iliyobadilika.

Sasa tuingie mitaani. Mji mdogo unapokua, kinu na mchi huiachia kazi mashine ya kusaga. Hilo ni jambo jema, maana mama hupumzishwa kazi ngumu ya saa nyingi. Lakini mashine hufanya na jambo jingine. Sauti kubwa huzifunika sauti ndogo. Fikirini nyota. Mchana zipo mbinguni, lakini mwanga wa jua hutuzuia kuziona. Vivyo hivyo, mtoto analia nyuma ya nyumba, jirani anabisha hodi, wala wewe husikii.

Basi watu hufanya nini? Muuza samaki hupaza sauti. Mwenye duka huleta kipaza sauti. Jirani yake naye huongeza sauti ya redio ili aisikie. Kila mmoja ameongeza kidogo tu, lakini mji mzima umekuwa na kelele, na hakuna anayesikika vizuri kuliko mwanzo.

Kelele hizo zina hatari mbili.

Hatari ya kwanza ni ya masikio. Ndani kabisa ya sikio mna vinywele vidogo sana vinavyopokea sauti. Kelele kubwa ya kila siku huviua, na vikifa havioti tena. Kipimo chake ni rahisi. Ikiwa ni lazima umpigie kelele mtu aliye umbali wa mkono mmoja ndipo akusikie, basi mahali hapo pana hatari kwa masikio. Afanyaye kazi kwenye mashine azibe masikio yake kwa vizibo vya kazi hiyo, apumzike mbali na mashine, na mashine yenyewe isijengwe karibu na shule.

Hatari ya pili ni ya njiani. Motokaa kwenye njia ya mashimo hujitangaza kwa kishindo na vumbi. Kwenye lami huja upesi. Barabara ya lami ya Nyahua hadi Chaya, kilometa 85, ilizinduliwa mwaka 2022. Tena, mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Makutupora hadi Tabora ulitiwa saini mwaka 2021. Treni za umeme za reli hiyo, zilizoanza kubeba abiria mwaka 2024 kati ya Dar es Salaam na Dodoma, zaweza kwenda kilometa 160 kwa saa. Fanyeni hesabu: treni iliyo mbali kilometa moja itakufikia kabla ya sekunde 23 kwisha. Sikio lililozoea treni ya zamani litakudanganya. Basi usivuke reli kwa kutegemea sikio. Pita penye kivuko tu, simama, tazama pande zote mbili, ndipo uvuke. Wafundisheni na watoto.

Maendeleo tunayataka, lakini ni lazima tujifunze kusikiliza upya.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika sauti mlizozihesabu, zipi ni habari na zipi ni kelele tu?
2. Ni sauti gani ya zamani isiyosikika tena kwenu? Ilikuwa ikiwaambia nini?
3. Mashine ya kusaga ya kwenu ingefaa kuwekwa wapi? Kwa nini?

Kwaherini, wasikilizaji, mpaka somo lijalo.