Si Kila Maumivu ya Tumbo ni Vidonda

Katika Wilaya ya Rungwe, kama ilivyo kwingi nchini, maumivu ya tumbo ya muda mrefu hupewa jina moja: vidonda vya tumbo. Mgonjwa huacha kula maharage, hununua omeprazole dukani, na miezi hupita bila kupimwa.

Vidonda halisi husababishwa zaidi na bakteria aitwaye Helicobacter pylori au na matumizi ya dawa za maumivu kama diklofenaki. Hupimika na hutibika. Lakini wengi wanaosumbuliwa na tumbo kujaa gesi, kushiba upesi, choo kigumu au kuharisha kwa vipindi hawana kidonda. Tumbo na utumbo wao huonekana vizima, ila utendaji wake umevurugika. Maumivu yao ni ya kweli.

Matatizo haya ni ya kawaida mno. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2021, uliohusisha zaidi ya watu 73,000 katika nchi 33, ulionesha kuwa takriban watu 4 kati ya 10 waliojibu kwa intaneti, na 2 kati ya 10 waliohojiwa majumbani, wakiwemo wa Ghana na Nigeria, walikuwa na angalau tatizo moja la aina hiyo.

Je, hali hubadilikaje kwa miaka? Wakazi wa Olmsted, Minnesota, nchini Marekani, walifuatiliwa kwa takriban miaka 12. Idadi ya wenye matatizo hayo ilibaki karibu ileile, lakini watu wenyewe walibadilika: huyu alipata nafuu, yule alianza kuugua, na mwingine dalili zake zikageuka.

Kwa hiyo, jina la ugonjwa alilopewa mtu miaka mitano iliyopita lisimzuie kupimwa upya, hasa dalili zinapobadilika. Hazifai kusubiri dalili hizi:

• kutapika damu au kupata choo cheusi;
• kupungua uzito bila sababu;
• chakula kukwama wakati wa kumeza;
• upungufu wa damu;
• maumivu yanayoanza ukubwani na kuzidi.

Huenda zikaashiria kidonda kinachovuja damu au saratani, ambayo hutibika vema zaidi ikigunduliwa mapema.

Mwananchi aanzie katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, akitaja dawa zote anazotumia, zikiwemo za mitishamba. Akihitaji uchunguzi zaidi, atapewa rufaa kwenda hospitali. Anayetapika damu aende hospitali mara moja.