Ukipunguzwa Kazi, Nani Atalipa Mafunzo Yako?



Tumeulizwa mara nyingi hapa Port Bell: mtu akipunguzwa kazi, je, serikali inalo fungu la kumfundisha kazi nyingine? Jibu fupi ni kwamba fungu la namna hiyo halipo. Yapo mafungu mengine yanayompita kando, na zipo haki chache katika sheria ambazo wengi wetu tumeziacha zilale.

Bandari yetu imeyaonja haya. Tarehe 8 Mei 2005 meli Kabalega iligongana na Kaawa ziwani, ikazama. Baadaye Kaawa na Pamba nazo zikasimamishwa. Novemba 2006 reli ikakabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways. Wengine wakachukuliwa, wengine wakaenda nyumbani. Kaawa ilirudia safari ya Mwanza mwaka 2018. Aliyekuwa na miaka 35 meli zilipolala, alikuwa na 48 ilipoamka hiyo moja.

Mtu huyu ana ufundi. Anajua behewa lipi litangulie kuingia melini na lipi lifuate, ili meli isilale upande. Anajua kufunga nyororo na kukagua breki. Lakini ufundi huo aliupata kazini, hana karatasi hata moja ya kuuonyesha kwa mwajiri mwingine.

Sasa tutazame mafungu. Mpango wa fedha za vijana ulioanzishwa mwaka 2013 ulikuwa wa watu wa miaka 18 hadi 30. Mpango wa maendeleo wa parishi, ulioanza mwaka 2022, unalenga jamaa wanaolima kwa chakula chao tu. Hatuipingi mipango hiyo, lakini mkono wa bandarini haumo.

Sheria ya mafunzo ya ufundi ya 2008 iliandika kwamba waajiri watozwe kodi ya mafunzo. Ilikuwa shauri zuri, ila miaka ikapita bila kodi hiyo kukusanywa. Kenya mwajiri hulipa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi. Tanzania, tangu sheria za 2018, mchangiaji mwenye taaluma aliyepoteza kazi aweza kupewa theluthi ya mshahara wake kwa miezi 6. Kwetu mtu huambiwa ategemee NSSF, yaani asilimia 5 yake na 10 ya mwajiri. Lakini hiyo ni akiba ya uzee. Mwenye miaka 50 aliyekaa mwaka mzima bila ajira aweza kuidai. Na tangu 2022 mwenye miaka 45, aliyechangia miaka 10, aweza kutoa asilimia 20. Kuichukua kulipia karo ya ufundi ni kula mbegu.

Kwa hiyo mahali pa kushika ni pale kabla ya kuondoka. Sheria ya Ajira ya 2006 inasema mwajiri anayekusudia kuwaondoa watu 10 au zaidi katika miezi 3, kwa sababu za uchumi au mabadiliko ya mitambo, lazima awaarifu kwa maandishi wawakilishi wa chama na Kamishna wa Kazi: sababu, idadi, aina ya wafanyakazi na muda. Sheria hiyo hiyo imeacha hesabu ya kiinua mgongo iwe ya mapatano baina ya mwajiri na wafanyakazi au chama chao. Hapo ndipo gharama ya mafunzo iingizwe, kwa maneno yaliyoandikwa, pamoja na kiasi na tarehe. Watu wakishatawanyika vijijini, tutapatana kwa niaba ya nani?

Tena, kila anayeondoka ana haki ya kudai hati ya utumishi inayotaja muda na kazi aliyofanya. Msikubali iandikwe "kibarua" kama mtu alikuwa fundi wa breki. Hati hiyo itamsaidia akienda kupimwa ufundi wake, kwa maana tangu sheria ya 2008 uliwekwa utaratibu wa kumpima kwa vitendo na kumpa kijitabu cha ujuzi, Worker's PAS, hata kama hakusoma shuleni. Ofisi zimepangwa upya tangu hapo, basi ulizeni kabla ya kulipa ada.

Wenye barua mkononi wazilete kwa katibu wa tawi kabla ya kutia sahihi.