Unga Unafika na Lori, Lakini Lori Linatoka Wapi?



Mwezi uliopita, siku ya kuchukua posho, tulikuwa kwenye foleni kama watu wengine. Nyuma yetu alisimama mzee mmoja na binti yake, mwanafunzi wetu wa mwaka wa sita. Mzee akatusogelea: "Walimu, nisaidieni. Huyu mtoto anasema akimaliza anataka kusomea lojistiki. Ndiyo kitu gani hicho?"

Kabla hatujafungua mdomo, binti akajibu mwenyewe: "Ni kusomea namna unga unavyofika hapa, baba."

"Unga unafika na lori," mzee akasema. "Hilo nalo la kusomea miaka mitatu?"

Foleni nzima ilicheka, na sisi tulicheka. Lakini tuliporudi nyumbani tukaona swali la mzee ni la haki, tena wazazi wengi wanalo ila hawalisemi. Mtoto akitaja udaktari au ualimu, kila mtu anaelewa. Akitaja lojistiki na ugavi, watu wanaona kijana wa stoo mwenye kalamu sikioni. Basi tumemwahidi mzee kwamba tutamjibu humu.

Hesabu ya lori

Tuchukue mfano mwepesi. Kambi ina watu 100,000, na kila mtu apate gramu 400 za unga kwa siku. Hizo ni tani 40 kila siku. Kwa siku 28 ni tani 1,120. Lori moja likibeba tani 28, yanatakiwa malori 40. Na hapo ni unga peke yake! Maharage bado, mafuta bado, chumvi bado, sabuni bado.

Sasa lori halianzii getini. Mafuta ya kula, kwa mfano, mara nyingi hutoka ng'ambo. Kuna mtu aliyeandika oda, kuna meli, kuna foleni ya meli bandarini Dar es Salaam, kuna karatasi za forodha. Kisha kuna safari ya kuja huku magharibi, ama kwa barabara, ama kwa reli ya kati, ambayo kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma ni karibu kilomita 1,250. Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914. Baada ya reli ndipo malori, Kasulu, na sisi. Kama kazi yote hiyo inakula miezi mitatu, basi chakula cha Desemba kiliagizwa Septemba. Aliyesahau Septemba, Desemba hata apige simu usiku kucha haitasaidia.

Hilo ndilo somo la kwanza chuoni: kuhesabu muda kurudi nyuma. La pili ni kukisia mambo yatakayoharibika. Mvua, kwa mfano. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko ya Kilosa yalibomoa reli kati ya Kilosa na Gulwe, na treni za kuja huku zikasimama kwa miezi. Mtu wa ugavi anatakiwa awe amejiuliza kabla: reli ikikatika, tutapita wapi, na ghalani kuna chakula cha wiki ngapi? Hicho cha kungojea matatizo kinaitwa akiba ya tahadhari. Ukiweka kidogo, watu wanalala njaa. Ukiweka kingi mno, kinaoza na pesa zimelala. Kuna kanuni za hesabu za kutafuta kiasi cha katikati, na ipo nyingine ya zamani, ya mwaka 1913, aliyoitoa Mmarekani Ford W. Harris, ya kutafuta kiasi cha kuagiza kila mara. Mpaka leo inafundishwa.

Ya ghalani mama zetu wanayajua tayari, kwa hiyo hatutakaa sana. Kilichoingia kwanza kitoke kwanza. Kinachokaribia kuisha muda kitangulie. Magunia yasilale chini kwenye saruji, yasigusane na ukuta, na kila gunia liandikwe kwenye kadi likiingia na likitoka. Na dumuzi asipewe nafasi. Mnajua Tanzania dumuzi huyu walimpa jina la Scania? Wanasema alikuja na mahindi ya kwenye malori. Hata mdudu anajua njia za mzigo.

Fununu ya chumvi

Kitu kilichotufurahisha kuliko vyote ni hiki. Tuseme kuna fununu kwamba chumvi itapungua. Kila mama aliyekuwa ananunua pakiti moja anachukua mbili. Mwenye duka anaona chumvi imekwisha haraka, anasema kumbe chumvi inatakiwa sana, anaagiza mara nne. Mwenye jumla mjini anaona maduka yote yameagiza mara nne, naye anaagiza mara nane. Baada ya mwezi chumvi imejaa kila mahali, hakuna anayenunua, na mwenye duka analia. Wala hakuna aliyekula chumvi zaidi ya jana!

Jay Forrester wa chuo cha MIT, Marekani, aliliandika jambo hilo kwenye kitabu cha mwaka 1961, na wataalamu wamelifananisha na mjeledi: mkono unatikisika kidogo, ncha inaruka mbali. Wanafunzi wa ugavi huwekwa mezani wacheze mchezo wa kuagiza bidhaa, kila mmoja na nafasi yake, mpaka wagombane. Tuliujaribu darasani kwa mawe na vizibo vya soda. Waligombana kweli. Aliyekuwa "kiwanda" alimaliza na mawe 70 ambayo hakuna aliyeyataka, akasema kosa ni la "duka", na duka likasema kosa ni la wateja.

Waliopita Kagunga

Majirani zetu wa Burundi waliokuja Mei 2015 hawahitaji mfano wa mawe. Kagunga ni kijiji kidogo, ziwa mbele, milima nyuma, na wakati huo barabara ya gari haikuwepo. Makumi ya maelfu ya watu walikusanyika pale ufukweni, na kipindupindu kikaingia. Meli iliyowachukua ilikuwa MV Liemba, watu kama 600 kwa safari. Gati la kufunga meli halikuwepo, kwa hiyo watu walipelekwa kwa mitumbwi na boti ndogo mpaka melini. Kigoma walishushwa, wakapita Uwanja wa Lake Tanganyika, wakapandishwa mabasi kuja Nyarugusu.

Pigeni hesabu. Watu 30,000 kwa meli ya watu 600 ni safari 50. Mtu anaweza kusema, leteni meli kubwa zaidi. Lakini kama boti ndogo ndizo zinazokwama, meli kubwa itasimama tu majini ikingoja. Na kama boti zinatosha lakini mabasi hayatoshi, watu watajazana uwanjani badala ya ufukweni. Mtaalamu hutafuta kwanza mahali palipobana, anapapanua hapo, kisha anatafuta pengine palipobana. Kukosea hapo si hasara ya pesa. Waliokuwepo Kagunga wanajua ilikuwa hasara ya nini.

Liemba yenyewe ni somo. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa masandukuni, ikaja kwa meli na reli, ikaunganishwa tena Kigoma na kushushwa majini 1915. Walioipanga safari ile walikuwa na nia zao za vita, hatuwasifu, ila kupoteza boliti moja njiani lingekuwa jambo kubwa.

Tusidanganyane lakini. Si kila upungufu ni wa lojistiki. Juni 2023 posho katika kambi za Tanzania iliposhuka mpaka nusu, sababu ilikuwa fedha za wafadhili, si lori wala reli. Mtaalamu hawezi kusafirisha gunia ambalo halikununuliwa. Anachoweza ni kuhakikisha lililonunuliwa halipotei, halioshwi na mvua, na linafika na uzito wake.

Anasomea wapi, na nini kinamzuia

Tanzania, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kilichopo Mabibo, Dar es Salaam, kina shahada ya lojistiki na usafirishaji. Chuo Kikuu Mzumbe, Morogoro, kinafundisha ununuzi na ugavi. Taasisi ya Uhasibu Tanzania, TIA, nayo ina kozi za ununuzi na ugavi, na ina tawi Kigoma, si mbali na sisi. Si lazima kuanzia shahada. Mtu anaweza kuanza na cheti, akaenda stashahada, akapanda. Na tuwaambie wanaosema lori na stoo ni mambo ya wanaume: darasani hakuna anayebeba gunia. Kinachobebwa ni hesabu.

Sasa vizuizi. Vyeti vyetu vya Kongo ni vya Kifaransa na vya mtaala mwingine, kwa hiyo vinatakiwa vilinganishwe na Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, kabla chuo hakijavitazama. Msingoje mpaka mwezi wa maombi. Pili, vyuo hivyo vinafundisha kwa Kiingereza. Tumeona wanafunzi wazuri wa sekisheni ya Komesiale, wenye hesabu safi, wakishindwa na lugha. Tatu ni ada. Ufadhili wa DAFI wa UNHCR upo tangu 1992, lakini nafasi ni chache na waombaji ni wengi. Mtu akikuambia anaweza kukupatia nafasi kwa kumpa kitu kidogo, mkimbie. Na mzazi asiuze mabati ya nyumba kwa ahadi ya mdomo.

Siku mbili tatu baadaye tulikwenda kwa yule mzee, tukamweleza haya yote uani kwake, na malori 40 tukayachora chini kwa kijiti. Hakucheka tena. Aliangalia mchoro kwa muda, akasema yeye zamani alipitisha samaki wa dagaa kutoka Baraka mpaka Uvira, na kumbe alikuwa analojistika bila kujua.

Kisha akauliza: "Akimaliza, atapewa kibali cha kufanya kazi nje ya kambi?"

Hatukumdanganya. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 1998 inataka kibali hata cha kutoka tu, na sisi si watoaji wa vibali. Tulimwambia kuna kazi za humu ndani za malipo madogo, kuna mizigo inayovuka ziwa kwenda Kalemie, Uvira na Bujumbura ambayo siku moja itahitaji watu wa kule wenyewe, lakini kibali hatuwezi kumwahidi.

Binti alikuwa anapepeta maharage pembeni. "Baba, nikikaa bila kusoma, hicho kibali ndiyo kitakuja?"

Mzee alinyamaza. Alifuta malori mawili kwa mguu, sijui ni kwa bahati mbaya.

"Hicho Kiingereza mnafundisha saa ngapi?" akatuuliza.

"Saa tisa mchana," tukamwambia. "Jumatatu na Alhamisi."